Mafuta Uliyomimina Si Lazima Yawe Mafuta Uliyokula

Mtu akiamua kuhesabu kalori, huanza na vile vinavyokaa vizuri kwenye mizani. Anaweka tango, anasoma gramu 100, anaandika kalori 15. Anamenya viazi, anavipima. Anahesabu mayai. Kisha anawasha jiko, anashika chupa ya mafuta, anaizungusha juu ya kikaango mara moja, anairudisha mahali pake, na hapo haandiki kitu. Mzunguko ule mmoja ukiwa wa gramu 17 umebeba kalori 150, sawa na kilo nzima ya yale matango aliyoyapima kwa uangalifu.

Yamenikuta mwenyewe, na nimeyaona kwa watu wengi wanaojitahidi kwelikweli. Yananiuma kwa sababu hayatokani na uvivu. Mtu anapima, anaandika kila siku, na mwisho wa mwezi hesabu na mwili haviendani. Anaanza kujilaumu, au anaamini mwili wake una kasoro. Mara nyingi kasoro iko kwenye daftari, na sehemu iliyokosewa ni ya mafuta.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wanaandika mafuta yote yaliyoingia kwenye karai, nusu lita nzima, wanaona kalori zaidi ya 4,000, wanashtuka na kuapa kutokula tena kitu cha kukaanga. Nao hesabu yao si ya kweli, maana sehemu kubwa ya yale mafuta imebaki karaini. Tunachotafuta ni hiki: katika mafuta yote yaliyomiminwa, gramu ngapi zimeishia mdomoni? Jibu hubadilika kufuatana na namna ya kupika, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Tuanze na namba yenyewe, kisha twende jikoni.

Tisa kwa kila gramu

Kalori tunayoisoma kwenye lebo za vyakula kwa kweli ni kilokalori: kiasi cha joto kinachotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia Mmarekani Wilbur Atwater alipima joto linalotoka vyakula vinapochomwa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha akatoa kile ambacho mwili haukitumii bali hukitoa kwa haja kubwa na ndogo. Akabaki na namba ambazo bado tunazitumia: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9.

Hiyo tisa peke yake isingekuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mafuta ya kupikia ni mafuta matupu. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 79; tango ni maji karibu lote. Hata nyama isiyo na mafuta, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Maji hayana kalori, kwa hiyo hupunguza makali ya chakula bila wewe kujua. Ndani ya chupa ya mafuta hakuna maji, hakuna nyuzinyuzi, hakuna kitu cha kupunguza chochote. Kila gramu unayoimimina inahesabika yote.

Ukisoma majedwali utakutana na namba mbili au tatu zinazopishana, na ni vizuri kujua sababu ili zisikusumbue. Majedwali ya Marekani huyapa mafuta mengi ya mimea kalori 884 kwa gramu 100, kwa sababu huko hutumia 8.84 kwa kila gramu badala ya 9 kamili. Lebo za Ulaya hutumia 9, hivyo mafuta yaleyale husomeka 900 kwa gramu 100. Halafu kuna lebo zinazosema kama 820 hivi. Hizo zimeandikwa kwa mililita 100, si gramu 100. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Mililita 100 zina uzito wa gramu 92 tu hivi, na ndiyo maana huelea. Kwa hiyo kabla ya kunakili namba yoyote, angalia kwanza imeandikwa gramu au mililita. Kuchanganya hivyo viwili kunakupotosha kwa asilimia nane katika kila mlo.

Kuhusu aina ya mafuta nitasema kwa ufupi, kwa sababu upande wa kalori hakuna mengi ya kusema. Zeituni, alizeti, ufuta, mahindi, nazi: tofauti zake ziko kwenye aina ya asidi za mafuta, ladha, na namna yanavyohimili moto. Hayo ni mambo makubwa kwa afya ya moyo, lakini kalori zake karibu zinalingana. Mafuta ya zeituni yanayouzwa kwa jina la «mepesi» yamechujwa hadi rangi na ladha vikawa vyepesi; kalori ni zilezile. Siagi ndiyo inayotofautiana kidogo, kwa kuwa ina maji asilimia 16 hivi, na gramu 100 zake zina kalori kama 717. Ukiiyeyusha ikatoa povu na kuchirizika, yale ni maji yake yanayotoka. Samli ni siagi iliyokwisha kutolewa maji, ndiyo maana inakaribia 900.

Kijiko si kipimo cha kutegemea

Watu wengi wanajua kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120. Ni kweli, ikiwa kijiko hicho ni cha mililita 15, kimejazwa hadi ukingoni na hakikumwagika. Lakini Australia kijiko cha vipimo cha chakula ni mililita 20, na hapo kalori zinafika 160. Na kijiko unachokitoa kwenye droo kula chakula hakikutengenezwa kuwa kipimo cha chochote. Vijiko viwili vya nyumba moja vinaweza kupishana sana, na mkono ukitikisika juu ya kikaango chenye moto, kijiko kinafurika bila mtu kuona.

Mizani ya jikoni huondoa shida yote hiyo, tena kwa namna rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Usipime mafuta, pima chupa. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Inua chupa, mimina kwenye kikaango kama ulivyozoea, kisha irudishe juu ya mizani. Kioo kitaonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake, tuseme -22. Hizo ndizo gramu zilizotoka. Zidisha kwa 9, au kwa 8.84 ukitaka kuwa makini zaidi: ni kalori kama 195. Huchafui kijiko, wala tone halibaki kwenye kikombe cha kupimia. Kazi nzima haifiki nusu dakika.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa na hakika kwamba huwa namimina kijiko kimoja. Kumbe jicho langu lilikuwa linapima ukubwa wa doa la mafuta kwenye kikaango, na kikaango changu ni kikubwa. Doa ambalo kwenye kikaango kidogo lingeonekana ni mafuta mengi, pale lilionekana ni kidogo tu, nami nikawa naongeza.

Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja. Ikikosea gramu moja, umekosea kalori tisa. Hilo si la kukukosesha usingizi. Shida huja ukimimina matone machache tu, gramu mbili au tatu, kwa kuwa mizani nyingine hazishtuki kwa uzito mdogo hivyo. Hapo andika gramu tatu uendelee na mapishi.

Mapishi ambayo mafuta yote huliwa

Kuna mapishi ambayo ulichomimina ndicho utakachokula. Ukiunga kitunguu na nyanya kwenye mafuta, kisha ukatia maharage na maji, mafuta yale hayana pa kwenda. Yamo sufuriani, na sufuria itakwisha. Ndivyo ilivyo kwa wali uliopikwa na mafuta, kwa keki, kwa mkate, kwa mboga za majani zilizokaushwa kwa mafuta kidogo, na kwa saladi iliyonyunyiziwa mafuta ikaliwa na rojo lake lote. Hapa hakuna kukadiria. Andika mafuta yote.

Wengine huuliza kama moto haupunguzi kalori. Hapana. Yale mapovu unayoyaona mafuta yanapotokota si mafuta yanayochemka; ni maji ya chakula yanayogeuka mvuke. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi 170 hadi 190 bila yenyewe kuchemka. Yakianza kutoa moshi yanaharibika, na ladha pamoja na ubora wake vinaharibika navyo, lakini uzito unaopotea ni mdogo mno kuufanyia hesabu. Vivyo hivyo kwa yale yanayorukia jikoni.

Kazi kwenye sufuria ya pamoja ni kugawa. Tuchukue mfano wa maharage. Maharage makavu gramu 300 yana kalori kama 1,000. Kitunguu gramu 150, kalori 60. Nyanya gramu 300, kalori 54. Mafuta mililita 60, yaani gramu 55, kalori 486. Jumla ni 1,600. Tazama uwiano huo: mafuta hayafiki hata robo ya uzito wa maharage makavu na nyanya vikijumlishwa, na chini ya sufuria yalionekana kidogo tu, lakini yameleta asilimia 30 ya kalori zote.

Sasa pima sufuria ikiwa tupu kabla hujaanza, uandike uzito wake mahali. Chakula kikiiva, ipime tena. Ikiwa tupu ilikuwa gramu 900 na sasa ni 2,500, una gramu 1,600 za chakula zenye kalori 1,600. Kalori moja kwa kila gramu. Ukipakua gramu 350, umekula kalori 350. Kama ungesahau mafuta, ungeandika 244. Tofauti ya 106 kwa mlo mmoja, mara milo miwili kwa siku, ndiyo inayomfanya mtu aseme «nakula kidogo lakini sipungui».

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii haiwezi kuliona, nalo hutokea kwenye kila sufuria ya mchuzi. Mafuta huelea. Mchuzi ukitulia, utaona yale macho ya mafuta yakikusanyika juu. Anayepakua wa kwanza bila kukoroga huchota juu na kupata mafuta mengi. Anayepakua mwisho hupata maharage na maji. Koroga kabla ya kila mtu kupakua. Na ikiwa unataka kuyapunguza, acha mchuzi upoe, engua yaliyoganda au kuelea juu, uyapime na kuyatoa kwenye hesabu.

Kikaango chenye mafuta ya kubaki

Hapa ndipo wengi hukwama. Umemimina mafuta ya kutosha kufunika chini ya kikaango, umekaanga vipande vinne vya samaki, na sasa kuna mafuta yamebaki. Umekula kiasi gani?

Pima kikaango. Tuseme kikiwa tupu ni gramu 800 na umetia gramu 60 za mafuta. Baada ya kukaanga, acha kipoe kidogo, kiweke kwenye mizani juu ya kitambaa kikavu ili joto lisiharibu mizani. Kinasoma 838. Mafuta yaliyobaki ni gramu 38, kwa hiyo gramu 22 zimetoka na samaki: kalori 195 hivi, karibu 49 kwa kila kipande. Ungeandika yote uliyomimina, ungepata 530. Ungeacha kuandika, ungepata sifuri. Ukweli uko katikati, na sijui njia nyingine ya nyumbani ya kuupata zaidi ya kupima kabla na baada.

Njia hii ina mipaka yake. Makombo yaliyobaki kikaangoni yanahesabiwa kama mafuta, kwa hiyo yatoe kwanza. Nyama yenye mafuta yake hutoa mafuta wakati inapokaangwa. Ngozi ya kuku ni mfano mzuri. Unaweza kutia gramu 10 ukakuta gramu 25 zimebaki. Usiseme umekula kalori pungufu ya sifuri. Maana yake ni kwamba kuku ametoa mafuta mengi kuliko aliyoyanywa, na ukitumia namba ya kuku mbichi mwenye ngozi, unaweza kuzitoa zile gramu 15 zilizoongezeka. Usipotaka usumbufu huo, andika kuku kama alivyo na usiongeze mafuta; utakuwa karibu na ukweli.

Yai lina mtego wake. Majedwali mengi yana mstari wa «yai bichi» na mwingine wa «yai la kukaanga». Yai kubwa bichi lina kalori 72, na la kukaanga 90. Ile tofauti ya 18 ni gramu mbili za mafuta ambazo mtengeneza jedwali amekuwekea. Ukichagua mstari wa yai la kukaanga kisha ukaongeza mafuta yako, umehesabu mara mbili. Ukiuchagua na kuamini umemaliza, huku yai lako liliogelea kwenye kijiko kizima nawe ukamimina mabaki juu yake, umeacha kalori 100. Mimi hutumia mstari wa kitu kibichi kila mara na kuandika mafuta peke yake. Kanuni hiyo inafaa kwa karibu kila chakula cha kukaanga, maana anayeandika «kilichokaangwa» kwenye jedwali hajui mkono wako.

Kinachotokea kwenye karai la mafuta mengi

Kudumbukiza chakula kwenye mafuta mengi kunaogopwa kuliko yote, na ndiko kunakoeleweka kidogo kuliko kote. Inafaa kukaa hapa.

Chukua kipande cha kiazi kilichokatwa kwa ajili ya chipsi, ukitie kwenye mafuta ya nyuzi 175. Mara moja kinazingirwa na mapovu. Maji yaliyo karibu na ngozi yake yamegeuka mvuke, na mvuke huo unatoka kwa nguvu kupitia vitundu vidogo. Wakati mvuke unasukuma kwenda nje, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Ngozi inakauka, inakuwa ngumu na yenye vitundu vingi. Ndani kiazi kinaiva kwa mvuke wake chenyewe. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo mapovu yanavyopungua, na mpishi mzoefu hujua chipsi zimekaribia kwa kusikia mlio ukififia.

Sasa kitoe. Kimefunikwa na utando wa mafuta yanayong'aa. Nje ya karai kinaanza kupoa, na mvuke uliobaki kwenye vitundu unarudi kuwa maji. Maji huchukua nafasi ndogo sana kuliko mvuke, kwa hiyo vitundu vinakuwa na utupu ndani yake, na utupu huo unavuta ule utando wa mafuta kuuingiza ndani. Sehemu kubwa ya mafuta unayokula kwenye chipsi huingia wakati huo, sekunde chache baada ya kutoka karaini.

Ukilijua hilo, unajua pia cha kufanya. Kung'uta chujio juu ya karai mara tu unapotoa, kisha tandaza vipande juu ya karatasi ya jikoni papo hapo vikiwa bado vya moto. Ukivirundika kwenye bakuli na kuvifuta dakika tano baadaye, karatasi itapata kidogo, kwa kuwa mafuta yameshaingia. Mafuta yaliyotumika mara nyingi huwa mazito na hushikilia chakula zaidi, hayachuruziki vizuri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoyarudia hadi yawe meusi.

Kiasi kinachoingia kinategemea zaidi ukubwa wa ngozi ukilinganisha na kilicho ndani, na kiasi cha maji yaliyotoka. Kiazi kinaonyesha hili kuliko maneno. Nusu kilo ya viazi vilivyomenywa ina kalori 385. Vichemshe bila kuongeza kitu, na ni 385 bado. Vikate chipsi, uvikaange hadi viwe na maji asilimia 40 hivi, na utapata gramu kama 230 za chipsi zilizobeba gramu 34 za mafuta. Jumla kama kalori 700. Vikate vyembamba kama karatasi uvikaange hadi vikauke kabisa kuwa krispi, na utapata gramu 170 hivi zenye mafuta gramu 58, jumla kama 900. Viazi ni vilevile na mafuta ya karaini ni yaleyale. Kilichobadilika ni kisu na muda.

Katika hesabu hiyo kuna kitu ambacho wengi hukisoma vibaya. Jedwali linasema kiazi kibichi kina kalori 77 kwa gramu 100 na chipsi 312, na mtu anahitimisha kwamba tofauti yote ya 235 ni mafuta. Sivyo. Gramu 100 za chipsi zilitokana na zaidi ya gramu 200 za kiazi kibichi, ambacho maji yake yamekwenda hewani na wanga wake umebaki. Mafuta yenyewe ni gramu 15 hivi, kalori 135. Kidogo chini ya nusu ya jumla. Ndiyo maana uzito wa kibichi usichanganywe na namba ya kilichoiva. Ukipima viazi vibichi gramu 200 na kutumia namba ya chipsi, umejiandikia kalori 624 kwa sahani isiyofika 300. Kosa kubwa kuliko hilo ni vigumu kulipata jikoni.

Kwa hiyo, kwa kitu kilichozamishwa kwenye mafuta, una njia mbili za kweli. Pima karai na mafuta kabla, na tena baada yakiwa yamepoa kabisa, usibebe mafuta ya moto kwa ajili ya namba. Au pima chakula kilichoiva na utumie namba ya kilichoiva kama hicho. Namba ya lita uliyomimina haina kazi hapa.

Chakula kilichovikwa rojo la unga hunywa mafuta zaidi kuliko kilichokaangwa kitupu, kwa kuwa rojo lina maji mengi ya kutoa na huacha vitundu vingi. Biringanya ni jambo jingine kabisa. Nyama yake imejaa hewa kama sifongo, na hunywa mafuta yakiwa bado baridi, kabla hata ya kuanza kuiva. Unamimina, yanapotea, unadhani kikaango kimekauka, unaongeza, yanapotea tena. Kisha biringanya ikilegea huyatoa baadhi, na wewe umeshaongeza mara tatu. Ukiianika kwa chumvi nusu saa na kuikamua, au ukiipitisha kwenye mvuke kwanza, sifongo lile linabonyea na mafuta hayapati pa kujificha. Afadhali zaidi ni kuipaka mafuta yaliyopimwa kwa brashi na kuioka.

Mafuta ya kupuliza na «sifuri» yake

Kopo la mafuta ya kupuliza limeandikwa kalori 0, na ndani yake ni mafuta. Sababu iko kwenye sheria: Marekani huruhusu kuandika sifuri kama kipimo kimoja cha mlaji kina kalori chini ya 5, na kipimo kilichowekwa kwenye makopo mengi ni mpulizo wa robo sekunde, wenye robo gramu hivi. Kalori mbili, basi zinaandikwa sifuri. Hakuna anayepuliza robo sekunde. Kopo linasaidia kweli, maana husambaza mafuta membamba ambayo chupa haiwezi, lakini lipime kama unavyopima chupa: sifuri, puliza, rudisha, soma.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la tiba la New England uchunguzi wa watu waliokuwa wakisema hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Walipopimwa kwa njia zisizotegemea maelezo yao wenyewe, ilionekana walikuwa wakitaja chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47 kuliko walichokula, na miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Utafiti ule haukuwa wa mafuta peke yake. Nimeutaja kwa sababu unamwondolea mtu hofu ya kwamba mwili wake umeharibika. Na mafuta ndiyo rahisi kuliko vyote kuliwa bila kuonekana: yakishaingia kwenye chakula hayana umbo, hayaongezi ujazo wa sahani, na hayachukui muda wa kutafuna.

Nisingependa mtu asome haya akaamua kupika bila mafuta kabisa. Vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe, na kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unawashauri watu wazima mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati yote. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 67 hivi, yakiwemo yaliyo ndani ya nyama, maziwa na karanga. Nafasi ipo, tena ya kutosha. Na kwa yeyote ambaye hesabu za chakula zimewahi kumtia kwenye mateso, mizani hii si yake. Azungumze kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe.

Kwa wengine wote, kuna kipimo kimoja cha kujisahihisha ambacho hakihitaji kupima kila mlo. Siku unapofungua chupa mpya ya lita moja, andika tarehe juu yake. Lita moja ni gramu 920, kalori 8,130 hivi. Tuseme nyumba ina watu wazima wanne na chupa imekwisha baada ya siku 14. Gawa kwa 4, gawa kwa 14: kalori 145 kwa mtu kwa siku. Yale uliyoyamwaga au kuyahifadhi kwenye chombo kingine yatoe kwanza. Sasa fungua daftari lako la siku hizo 14, ujumlishe mafuta uliyoandika kuwa umekula. Ikiwa daftari linasema 60 kwa siku na chupa inasema 145, zile 85 zilizobaki zimeliwa na mtu ndani ya nyumba hiyo, na unaweza kuanza kuzitafuta kwenye sufuria ya jioni hii.